Kunyatia Paa Unguja: Anayeanza Aanze na Upepo

Mtoto wa dada yangu alinitumia video ya wawindaji wa Scotland wakitambaa kwa matumbo mlimani, nguo zao rangi ya udongo, mmoja ameshika bunduki iliyofungwa darubini. Chini yake akaandika: "Mjomba, na mie nataka. Naanzia wapi?" Kijana mwenyewe anakaa Jambiani, na kutoka nyumbani kwao mpaka vichaka vya maweni, vile vinavyoota juu ya mawe ya matumbawe, ni mwendo wa miguu tu. Nilimjibu kwa ujumbe wa sauti wa dakika kumi na mbili, na nilipomaliza nikaona nimemchanganya zaidi. Maana swali lake ni fupi, lakini ndani yake kuna mnyama, sheria, dini na ujuzi, na vyote vimefungana. Nitajaribu kuvifungua kimoja kimoja.

Kwanza lugha. Visiwani tunasema usasi tukakusudia kila njia ya kumpata mnyama wa porini, hali njia zenyewe hazifanani. Kuna kukurupusha: kundi la watu na mbwa huingia kichakani kwa kelele, nyavu zimetandazwa upande wa pili, na chochote kinachotoka mbio hunaswa. Kuna kutega, kwa tanzi la waya au kamba kwenye njia ya mnyama, mtegaji akarudi nyumbani kulala. Kuna kuvizia, yaani kukaa mahali pamoja ukamsubiri mnyama aje. Na kuna kunyatia, ambako wewe ndiye unayemwendea kwa miguu yako, polepole, bila yeye kujua kama upo, mpaka umbali wa kumwona sawasawa. Ndilo neno lile lile tunalolitumia kwa paka na panya.

Wale wa kwenye video wananyatia, na wakichoka wanavizia. Wazee wetu wengi waliozoea usasi wa makundi wanakurupusha. Tofauti hii si ya jina tu. Aliyetandaza wavu hachagui: paa dume, jike mwenye mimba, mtoto, wote huingia, na mtu hujua alichokamata wakati kimeshakufa. Anayenyatia hulazimika kumjua mnyama kabla ya kumfanya chochote. Kwangu mimi hiyo ndiyo sababu kubwa ya kijana kujifunza kunyatia, hata kama hatashika silaha maisha yake yote.

Sasa mnyama. Mnyama anayewindwa kule Scotland, ambaye Waingereza humwita red deer, si paa. Dume wake huota pembe zenye matawi, zikadondoka kila mwaka, zikaota upya. Paa wetu ni wa ukoo wa mbuzi na ng'ombe: pembe zake ni fupi, hazina tawi, na hazidondoki. Dume mkubwa wa kule hupita kilo 100, na huonekana kwenye mlima mtupu kutoka mbali sana, ndiyo maana bunduki ya masafa na darubini kubwa vina kazi. Paa wa maweni ana kimo cha kama sentimita 30 mabegani, yaani hafiki goti lako, na kichaka chake huwezi kuona hatua ishirini mbele. Kila kifaa kilichokuvutia kwenye ile video hakitakusaidia hapa.

Na sababu za kuwinda nazo ni tofauti. Uingereza ina aina sita za wanyama wa jamii ile wanaoishi porini, na mbwa mwitu waliokuwa wakiwala walimalizwa karne nyingi zilizopita. Wakiachwa huzidi, wakatafuna miche ya msitu na mazao. Kuwapunguza ni kazi inayotambuliwa, yenye misimu na masharti, na mwenye bunduki lazima awe na cheti cha polisi. Sisi hali yetu imepinduka: watu wamezidi, vichaka vimekatwa kwa kuni, makaa na chokaa, na paa ndio wanaopungua.

Unguja kuna paa wa aina zaidi ya moja, na anayeanza huwachanganya. Wa kwanza kumjua ni paa nunga. Ana rangi nyekundu ya kahawia, kishungi cha nywele utosini, madoa meupe miguuni, na mkanda mweupe unaopita nyuma ya mapaja. Ukiuona mkanda ule huhitaji alama nyengine. Dume na jike wote wana pembe. Uzito wake kwa kawaida ni baina ya kilo 7 na 12. Wataalamu walimpa jina la kisayansi mwaka 1918, kwa heshima ya Aders, aliyekuwa akifanya kazi na serikali ya Zanzibar wakati huo. Ulimwenguni anapatikana Unguja na katika misitu ya pwani ya Kenya, basi.

Wa pili ni yule mdogo ambaye vitabuni huitwa suni, na vijijini wengi husema paa tu. Ana kilo 4 mpaka 6, na dume peke yake ndiye mwenye pembe, zenye pete na zilizolalia nyuma. Huyu hupenda jioni, usiku na alfajiri, na mchana hujibanza kichakani kimya mpaka umkaribie kabisa, ndipo aruke. Wa tatu ni paa wa kijivu, mdogo vilevile, mwenye mkia anaoupepeapepea ukaonyesha weupe wa chini. Huyu yupo Pemba pia, na msitu wa Ngezi, kaskazini magharibi ya kisiwa, ndipo mahali pa kumtafuta. Nunga Pemba hayupo. Wapemba wanaoniandikia kwamba wamemwona, nawaomba wamtazame tena mapaja.

Hesabu ya nunga inatisha. Mwaka 1983 walikadiriwa Unguja kama 5,000. Mwaka 1996 makadirio yalikuwa 2,000. Mwaka 1999 yakashuka mpaka zaidi kidogo ya 600. Baadhi yao walihamishiwa visiwa vidogo vya Chumbe na Mnemba, wapate mahali pasipokuwa na mbwa. Kwa miaka mingi aliorodheshwa kwenye daraja la hatari kubwa kabisa ya kutoweka, na lilishushwa baadaye kwa sababu kamera zilizotegwa misitu ya Boni na Dodori, Kenya, zilionyesha kwamba kule wapo wengine. Nafuu hiyo ilitoka Kenya. Wa kwetu hakuongezeka kwa sababu ya picha zile.

Hapo ndipo sheria inapoingia. Sheria ya Misitu ya Zanzibar namba 10 ya mwaka 1996 ndiyo inayosimamia misitu na wanyama wake. Nunga analindwa. Usasi wa wanyama wengine hauendi bila kibali cha idara ya misitu, na ndani ya hifadhi kama Jozani, iliyotangazwa kuwa hifadhi ya taifa pamoja na Ghuba ya Chwaka mwaka 2004, hauendi kabisa. Kijana anayeanza asiingie na silaha. Nasema hivi kwa sababu ya sheria, na pia kwa sababu nyengine iliyo nzito zaidi kwangu: katika mwanga wa alfajiri, ndani ya kichaka, mtu asiyezoea hawezi kumpambanua nunga na suni. Mimi mwenyewe nilihitaji miezi.

Na dini nayo ina neno hapa, ambalo nashangaa halisemwi sana misikitini. Nyama nyingi ya paa inayouzwa kwa siri hutoka kwenye matanzi ya waya. Sura ya Al-Maida, aya ya 3, inamtaja mnyama aliyekufa kwa kunyongeka miongoni mwa vilivyoharimishwa. Aya ya 4 inaruhusu kilichokamatwa na mnyama wa kuwindia aliyefundishwa, jina la Mwenyezi Mungu likitajwa. Sasa paa aliyekutwa asubuhi ameshakauka ndani ya waya, nani aliyemchinja? Anayenunua nyama ile aulize kabla hajaitia nazi.

Basi naanzia wapi, mjomba? Anza na upepo.

Paa ana macho mazuri na masikio makubwa, lakini pua yake ndiyo inayokufukuza msituni kabla hujafika. Akikusikia, husimama kutazama. Akikuona umetulia, hushindwa kuamua. Akikunusa, hana shaka tena, huondoka. Kwa hivyo kila safari hupangwa kwa kujua upepo unatoka wapi, na hapa mtu wa pwani ana urithi ambao wa Scotland angeutamani. Sisi tunazijua pepo kwa majina. Mtoto wa mvuvi anajua kaskazi inapovuma, karibu Disemba mpaka Machi, na anajua kusi inapoishika bahari baada ya masika. Ujuzi ule ule uliopeleka ngalawa ndio unaokupeleka kwa paa, ila huku unautumia kinyume: baharini unataka upepo nyuma, msituni unautaka usoni.

Chukua mfano wa Jambiani, pwani ya mashariki. Alfajiri, siku ambayo upepo mkuu umelala, hewa ya nchi kavu hushuka polepole kuelekea baharini. Ndio umande wa wavuvi. Ukiwa umetoka kijijini ukielekea bara, kwenye vichaka, umande unakupiga usoni, na harufu yako inarudi nyuma kwenye minazi. Una muda mzuri hapo, saa kumi na mbili mpaka saa mbili hivi. Jua likipanda, upepo wa bahari huanza, na sasa unakupiga kisogoni. Kuanzia dakika hiyo kila kilicho mbele yako kimeshapata habari zako, hata ukitembea kama kivuli. Kaa chini uvizie, au rudi nyumbani. Na kusi, inayotoka upande wa bahari, ikiwa na nguvu, upepo haulali hata usiku. Basi zunguka, ingia kichakani kutoka magharibi, ukabili bahari.

Ndani ya msitu upepo hupotea au huzunguka kwenye uwazi. Kwa hiyo beba kipimo. Jivu laini kwenye kitambaa, ukilipigapiga kidogo, litakuonyesha hewa inakokwenda. Mimi napenda sufi: nyuzi moja mbili unaziachia hewani, unazitazama zinavyoelea mpaka zipotee, na utashangaa zinavyogeuka njia hatua tano tu mbele yako.

Halafu harufu yenyewe. Nguo zetu zinafukizwa udi, kabati zina asumini, kichwani mafuta. Vizuri sana kwa harusi. Nguo ya msituni ifuliwe kwa maji matupu, ianikwe juani, itundikwe nje mbali na jiko. Asubuhi hiyo usijipake kitu.

Baada ya upepo ni miguu. Maweni ni makali na yana sauti. Jiwe likigongana na jiwe husikika mbali. Vaa viatu vya mpira vyenye soli laini, funga kamba ziingie ndani. Uzito uache kwenye mguu wa nyuma mpaka wa mbele umepata mahali pake, ndipo uuhamishe. Hatua tatu, kisha simama kadiri ya kusoma Alhamdu mara tatu. Vijana huona huku ni kupoteza wakati. Lakini msituni hakuna mnyama anayetembea moja kwa moja kwa mpigo mmoja isipokuwa mtu, na paa anaujua mpigo huo. Asubuhi baada ya mvua majani huwa laini, na hiyo ndiyo siku ya kwenda. Mwezi wa Februari, majani yamekauka kama bati, heri utafute mahali ukae.

Kila unaposimama, tazama. Wengi hutafuta paa mzima, na paa mzima haonekani. Tafuta kipande: sikio linalopiga nzi, pua yenye unyevu, mstari uliolala. Miti yote imesimama. Kitu kilicholala sambamba na ardhi, kimo cha goti, kinastahili kutazamwa mara mbili. Na huo ndio ugumu: macho yako yapo juu, mnyama yupo chini ya matawi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na hapa methali haina fumbo, piga magoti kweli. Utaona kuwa kichaka ulichokidhani ukuta kina vichochoro chini yake, vimesuguliwa na miili midogo. Darubini ya kukuza mara saba au nane inatosha, na faida yake ni kupenya baina ya majani.

Vichochoro vile ndivyo kitabu chako. Kwenye mifuko ya udongo mwekundu baina ya mawe utakuta nyayo za kwato mbili, kama upana wa vidole viwili. Suni hurudia mahali pamoja kwa haja yake, kwa hiyo ukikuta chungu ya vinyesi vidogo vyeusi, vingine vikavu na vingine vinang'aa, umefika barazani kwake. Nunga humtafuti sana chini. Msikilize aliye juu. Kima punju, wale kima wekundu wa Unguja, na kima wengine wakila mtini huangusha majani, maua na matunda, na nunga hupita chini akiokota. Kundi la kororo, kanga wa msituni wenye kishungi, likipekua majani nalo laweza kuwa na paa karibu. Ukisikia kima wanakula, usiwaendee. Jua upepo, kaa ubavuni, egemea shina, usubiri.

Akitokea na akanyanyua kichwa kukutazama, ganda ulivyo, mguu mmoja juu ikiwa ndivyo ulivyokuwa. Usimkazie macho. Mara nyingi atainamisha kichwa kama anayekula, kisha atakiinua ghafla. Anakujaribu. Anayehema kwa furaha ile mara ya kwanza ndiye anayemkosa ile ya pili.

Mwalimu bora wa haya yote ni msasi mzee aliyeacha mbwa. Kusini, Mtende na Makunduchi na Muyuni, wapo. Mfuate kwa adabu, shikamoo kwanza, usianze na maswali. Mmoja aliyenifunza alikuwa akinikalisha saa nzima kabla ya hatua ya kwanza. Nilipotikisika alisema, "Tulia mwanangu, msitu ukusahau kwanza." Ndege walionyamaza tulipoingia walianza tena kulia, na hapo ndipo akanyanyuka.

Mahali pa kuanzia ni Jozani, pamoja na mtembezaji wa hifadhi. Daladala za Makunduchi na Jambiani hupita mlangoni. Fika mapema, mweleze kwamba hukuja kwa kima punju peke yake, na usitoke kwenye njia bila yeye. Kiwengwa-Pongwe nayo ina msitu wa maweni na mapango. Ukitaka misitu ya vijiji, nenda kwa sheha na kamati ya uhifadhi ya shehia, sema jina lako na siku yako. Hili si jambo la karatasi tu. Mtu aliyejikunja kichakani alfajiri, asiyejulikana na mtu, hudhaniwa mwizi wa miti au mtegaji, na wanaomdhania hivyo wana haki.

Hatari zipo na ni za kawaida. Maweni yana mashimo yaliyofunikwa na majani, mengine ni midomo ya mapango. Jaribu kwa fimbo pale usipopaona. Mkono usiuingize kwenye tundu la jiwe. Ukirudi nyumbani kagua kupe, hasa nyuma ya magoti. Beba maji, maana juu ya mawe yale hakuna. Na ukisikia mbwa na kelele za wasasi, simama wima, piga sauti, toka uonekane. Ukikuta tanzi, lipige picha, weka alama mahali, peleka habari kwa kamati au ofisa wa misitu. Wao wanahitaji kujua yalipo mengine, kwani mtegaji hategi moja.

Nilikwenda na kijana wangu mara tano, tukiwa na mlinzi wa kamati. Mara tatu za mwanzo hatukuona kitu, na ya tatu alirudi amenuna. Mara ya nne suni aliruka karibu na mguu wake, akapiga sauti kali ya puani, na akamwacha kijana ameshika kifua. Mara ya tano tuliwasikia kima punju wakila, sufi ikaelea kuja usoni kwetu, tukakaa. Karibu saa moja asubuhi nunga alipita chini yao akiokota maua, akasimama, akageuka, na mkanda mweupe ukaonekana wote. Hatua kumi na nane. Kijana hakutoa simu. Alipoondoka yule paa, alifungua daftari akaandika tarehe, saa, mahali, upepo, na idadi: mmoja. Ukurasa ule tuliupeleka kwa kamati.

Jana usiku ameniandikia tena. Safari hii hakutuma video: "Mjomba, kusi imeingia. Jumamosi tuzunguke kwa magharibi?"